Kidole tumbo kwa matundu matatu: nimelipa, nimepona, nina la kusema

Mimi ni fundi cherehani hapa Dar es Salaam, na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Tumbo likishonwa, kazi imelala. Ndiyo maana sikuuliza bei kwanza, niliuliza nitarudi lini kazini.

Maumivu yalianzia kitovuni, nikadhani ni vidonda vya tumbo, nikanywa tangawizi. Mama mkwe akasema ni chango. Kufika usiku yalikuwa yamehamia chini kulia, na ndani ya bajaji kila shimo la barabarani lilinitoa machozi. Baadaye daktari aliniambia hiyo ni dalili wanayoiulizia kabisa.

Hospitali ni ya binafsi, jina silitaji. Baada ya kipimo cha damu na ultrasaundi ikaonekana ni kidole tumbo, nikapewa njia mbili za kukitoa: kupasuliwa kawaida kwa milioni moja na laki tisa, au matundu madogo kwa milioni tatu na laki nne. Daktari alichora nyuma ya fomu: tundu moja kitovuni la kamera, mawili madogo zaidi ya vifaa. Nikamuuliza ile ya tundu moja tu la kitovuni. Akacheka, akasema vifaa vyote vikipita mlango mmoja vinagongana, kazi inachukua muda mrefu, na faida kubwa ni urembo wa kovu. Pia nilisaini kwamba wakikuta mambo magumu ndani watanipasua kawaida. Hapo nilimheshimu.

Mdogo wangu wa kiume alipasuliwa kawaida mwaka 2017. Mshono ulitunga usaha, akalala wodini siku tisa, na wiki tatu baadaye bado alikuwa anatembea ameinama. Ila niseme haki: kidole tumbo chake kilikuwa kimeshapasuka chenyewe ndani, changu bado. Na yeye alichomwa ganzi ya mgongo, akawa anawasikia wakipiga soga. Mimi ilibidi nusu kaputi.

Jioni ileile nilijikokota hadi chooni. Asubuhi nikanywa uji, siku ya pili nikaruhusiwa. Siku ya tisa nilikanyaga cherehani, taratibu, nguo nyepesi tu. Kilichonitesa zaidi ni kucheka.

Sasa malalamiko. Nilipozinduka, bega la kulia liliuma kuliko tumbo. Nikajua nimeangushwa kitandani! Sista akaniambia, "Ni hewa hiyo, dada, itaisha." Kumbe wanalijaza tumbo hewa ya kaboni ili kamera ione, na hewa hiyo ikikera kiwambo kilicho chini ya mapafu, maumivu unayasikia begani, maana mishipa ya fahamu ya sehemu hizo mbili ina shina moja. Yaliisha siku ya tatu. Lakini kwa nini nilijue baada ya kulia?

La pili: siku ya kutoka, bili ikawa na mstari mpya, "vifaa vya matundu", shilingi 280,000. Kwani yale matundu wangeyatoboa na nini?

Nawapa nyota nne. Ningekuwa na kazi ya mezani na mfuko mwembamba, ningepasuliwa kawaida bila kinyongo.

Mkienda, bebeni dera. Sketi ya lastiki inakaa palepale kwenye tundu la chini, na mimi nilirudi nyumbani nimeishikilia kwa mkono.