Sabufa ya wati 12,000 mbele ya mita ya LUKU

Kwenye boksi imeandikwa kwa herufi za dhahabu: 12,000W PMPO. Kijana wa duka pale Kariakoo aliifungulia singeli mpaka vioo vya kabati vikaanza kugongana, nami nikatoa laki mbili na arobaini bila hata kubishana bei ya maana. Nilipofika nyumbani nikaigeuza kutafuta pa kuchomeka waya, nikakutana na kibandiko: AC 220–240V, 50Hz, 60W.

Nilicheka peke yangu. Redio haina kisima chake cha umeme. Inachotoa kwa mfululizo hakiwezi kuzidi inachovuta ukutani. PMPO ni nguvu ya kufumba na kufumbua, na kila mtengenezaji anaipiga hesabu anavyopenda. Namba ya kuulizia ni RMS, ile ambayo amplifaya inaihimili muda wote.

Jumamosi usiku nikaamua kupima. Nikachomoa friji, nikazima taa zote, nikafungua sauti hadi mwisho, kisha nikaenda kusimama barazani mbele ya LUKU. Mita yangu ina maandishi 1000 imp/kWh, yaani kitaa chekundu kikiwaka na kuzima mara moja, umetumia wati-saa 1. Kwa dakika 10 kiliwaka mara 7. Hiyo ni kama wati 42. Jirani alipita akanitazama: nyumba giza, mziki unarindima, mtu mzima kaikodolea macho mita na daftari mkononi. Hakuuliza kitu.

Kesho yake nikaigeukia besi. Kuna programu za simu za bure zinazotoa toni moja moja. Nikaanza na hezi 41 (yaani mitetemo 41 kwa sekunde), uzi mnene kuliko yote wa gitaa la besi. Nikiweka kiganja kwenye tundu la boksi nasikia upepo unapuliza, ila noti hamna. Hezi 60, kwa mbali. Kuanzia 95 hadi 110, dirisha lote linatetemeka! Programu ya desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, ilisoma 14 zaidi kwenye hezi 100 kuliko kwenye 1,000, na maikrofoni za simu kwa kawaida hupunguza besi, kwa hiyo huenda hali halisi ni mbaya zaidi. Ndipo nikaelewa kwa nini kila wimbo unalia du-du-du ileile. Mpiga besi anapanda na kushuka, sabufa imeng'ang'ania noti yake moja. Kuitoa pembeni mwa ukuta kulipunguza desibeli 4 (bure kabisa, jaribu na wewe).

Shemeji akaniazima spika zake za mezani, Edifier R1280T. Wufa (ya sauti nzito) inchi 4, twita (ya sauti nyembamba) ya hariri milimita 13, na wenyewe wanaandika 42W RMS tu. Ndiyo, namba ileile iliyotoka LUKU! Kwenye karatasi zinaanzia hezi 75, kwa hiyo ule uzi wa 41 nao hazina, na wala hazijidai kuwa nao. Tofauti iko juu ya hapo. Taarifa ya habari kwenye sabufa, mtangazaji anaongea kama yumo ndani ya pipa. Kwenye hizi namsikia anavuta pumzi kabla ya sentensi. Nikaweka taarab: nyuzi za kanuni, moja moja, na fidla haimezwi na besi.

Siitukani sabufa. Kwa sherehe ya uani, watu 40 na watoto wanakimbizana, itakusaidia kuliko vispika vya mezani, na redio na fleshi vimo humo humo. Lakini kwa sebule ya mita 3.6 kama yangu, laki mbili na arobaini ningeitia kwenye spika yenye namba ndogo ya kweli, hata ya mtumba, mradi niisikilize kwanza kwa sauti ya mtu anayeongea, si kwa singeli.

Shemeji ameshazifuata spika zake mara mbili. Nimemwambia bado napima.