Jadotville ilinikera, Augure ikanikosha

Nianze na filamu iliyonikera. The Siege of Jadotville (2016) tuliingoja kwa hamu hapa Lubumbashi, maana Jadotville ni jina la zamani la Likasi, mji wa huku kwetu Katanga, kusini mwa Kongo, na mtaani kwetu ni nadra kumkuta mtu asiye na shangazi au shemeji huko. Kisa chenyewe ni cha kweli: Septemba 1961, askari wa Ireland wasiofika 160, chini ya Umoja wa Mataifa, walizingirwa na majandarme (askari) wa Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga na Kongo, pamoja na mamluki Wazungu. Walipigana siku tano, risasi na maji vikawaishia, wakajisalimisha bila kufiwa na hata mmoja. Mtengeneza filamu za vita angetaka nini tena?

Na vita kweli vipo. Milio imetengenezwa vizuri hadi jirani alikuja kuuliza kuna nini, na Jamie Dornan anamudu nafasi ya Quinlan, kamanda wa hao Waireland. Nilichokosa ni Likasi. Filamu ilirekodiwa Afrika Kusini, na inajionyesha. Mzee mmoja wa kwetu aliyekulia Likasi alitazama robo saa hivi, kisha akauliza, "Sasa vichuguu viko wapi?" Asiyetoka huku ataona ni swali la ajabu. Katanga kichuguu kinaweza kuwa kirefu kuliko nyumba, na udongo wake ndio tunaofyatulia matofali. Piga picha popote nje ya mji, lazima kimoja kiingie. Baada ya swali lile sikutazama tena vita, nikawa natafuta vichuguu.

Lakini mahali pa kurekodia si kosa kubwa. Lumumba ya Raoul Peck (2000) nayo ilirekodiwa Zimbabwe na Msumbiji, si Kongo, na bado kwangu iko juu. Humo Eriq Ebouaney, anayemcheza Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, ana maneno. Anabishana, anafoka, anachoka. Unajua tangu mwanzo kwamba safari itaishia huku kwetu, usiku wa tarehe 17 Januari 1961, atakapouawa yeye na wenzake Mpolo na Okito, porini kando ya barabara hiyohiyo ya Likasi, na bado unaomba moyoni gari liharibike. Kwenye Jadotville, Mkatanga ni mtu wa kuikimbilia bunduki na kuanguka. Ukimwondoa Tshombe, simkumbuki mmoja mwenye jina, wala aliyesema hata kwamba ana kiu. Tulikuwa kwenye lupango (ua) la yaya, yaani dada yangu mkubwa, watoto wakawa wanashangilia kila anayeanguka, mpaka yaya akawauliza hao wanaoanguka wanadhani ni babu za nani. Kimya kidogo. Bomu likalipuka, wakashangilia tena. Nyota mbili kati ya tano, na zote ni za milio.

Sasa Augure (2023). Baloji kazaliwa hapa Lubumbashi, kakulia Ubelgiji, na wengi tulimjua kwa muziki kwanza. Hii ndiyo filamu ndefu yake ya kwanza. Ilipata tuzo ya Sauti Mpya huko Cannes, na Ubelgiji ikaichagua iiwakilishe kwenye Oscar. Koffi anarudi nyumbani na mchumba wake Mzungu, Alice, mwenye mimba, kuonana na familia iliyomtenga tangu utotoni kwa alama aliyozaliwa nayo usoni, wakisema ni ya shetani. Anampakata mtoto mchanga wa dada yake, pua inatoka damu, damu inamdondokea mtoto. Basi, kumewaka. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anachambua sombe (kisamvu) nyuma yetu alinyanyuka, akamwokota mjukuu wake mkekani, akaenda kukaa naye mbali na kompyuta. Hakurudi, ila shingo aliendelea kuinyoosha upande wetu.

Kilichonishika zaidi ni kwamba Baloji hamcheki yeyote kati yao. Mujila, yule mama mgumu wa Koffi, unamchukia nusu ya filamu; ukifika zamu yake ndipo unaona naye alibandikwa jina lilelile la uchawi. Eliane Umuhire, anayecheza Tshala, dada wa Koffi, anaweza kusimama tu bila kusema neno na ukamwelewa.

Si kwamba haina dosari. Visa ni vinne, na kile cha Paco na watoto wake wa mtaani waliovaa magauni ya waridi kina mavazi mengi kuliko hadithi. Hapo shemeji yangu alilala. Kwangu ni nyota nne.

Ukiipata kwenye flashi, kagua kwanza kama ina maandishi ya chini. Nakala niliyouziwa haikuwa nayo, na Lingala ilipoanza tukabaki kumtegemea jirani aliyewahi kuishi Kinshasa, ambaye alikuwa anacheka kwanza mpaka amalize, ndipo atafsiri.