Kostiki Soda Uliyoizoea Haipo Tena Dukani: Ununue Ipi Badala Yake?

Mtu anayetengeneza sabuni nyumbani huizoea chapa moja ya kostiki soda, mara kiwanda kinaacha kuitengeneza na rafu inabaki tupu. Wengi hukimbilia kopo lolote linalofanana na lile la zamani. Hapo ndipo watu wanapoumia, kwa sababu kostiki mara nyingi huuzwa kama dawa ya kuzibua sinki, na makopo mawili ya dawa hiyo yanaweza kufanana kwa rangi na kwa maandishi makubwa ya mbele, kumbe vilivyomo ndani havina uhusiano wowote.

Kilichokwisha ni jina tu. Kostiki yenyewe huzalishwa kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi, na viwanda vya karatasi, nguo, sabuni na alumini haviwezi kwenda bila hiyo. Ipo tele. Kazi yako ni kuitambua ikiwa imevaa jina jingine.

Basi geuza kopo usome nyuma. Unatafuta sodiamu haidroksaidi, ambayo alama yake ni NaOH na namba yake ya CAS, yaani namba ya kimataifa ya kuitambulisha kemikali, ni 1310-73-2. Lebo iwe kwa lugha yoyote ile, alama hiyo na namba hiyo hazibadiliki. Ukikuta 1310-58-3, hiyo ni potasiamu haidroksaidi, KOH, nayo nitaifikia. Kama lebo haitaji viambato, omba karatasi ya taarifa za usalama ya bidhaa hiyo. Wazalishaji wengi huiweka kwenye tovuti zao. Sehemu ya 3 ndiyo inayotaja viambato na asilimia zake. Muuzaji asipoweza kukuonyesha lebo wala karatasi hiyo, usinunue.

Asilimia ndiyo inayoamua kila kitu. Chukua kilo 1 ya mafuta ya mawese. Kila gramu ya mafuta hayo huhitaji takriban gramu 0.142 za NaOH ili yote yageuke sabuni, yaani gramu 142. Ukipunguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki ya kulainisha ngozi, unapima gramu 135. Sasa tuseme kopo lako lina NaOH asilimia 70 tu na lililobaki ni chumvi au kijazio kingine. Ukipima gramu 135, kostiki halisi ni kama gramu 95, na theluthi nzima ya mafuta inabaki mafuta. Kipande kitakuwa chororo, chenye utelezi, na baada ya muda kitaanza kunuka. Anayeona hivyo hushawishika kuongeza kipimo kwa kukisia, na akipitiliza anapata sabuni inayochoma ngozi. Ndiyo maana mpangilio wangu haufuati bei wala urahisi wa kupatikana. Unafuata jambo moja: unajua kwa uhakika kiasi gani kilichomo?

Chaguo la kwanza ni kostiki inayouzwa na wauzaji wa vifaa vya kutengenezea sabuni, au ile ya daraja la chakula, ambayo mara nyingi lebo yake huwa na alama E524. Usafi wake umeandikwa, na kwa kawaida huwa asilimia 97 kwenda juu. Chembe za mviringo ni rahisi kupima kuliko magamba, ila huruka na kung'ang'ania glavu na plastiki kavu, kwa hiyo zimimine taratibu. Ile ya daraja la maabara iache. Ni ghali, na sabuni yako haitakuwa bora zaidi kwa ajili yake.

La pili ni wauza kemikali za viwandani. Magamba ya daraja la kiufundi huwa na usafi wa asilimia 98 au 99, na kwa gramu ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Tatizo ni mfuko: kilo 25 kwa mtu anayetengeneza vipande vya familia ni mzigo. Kostiki hunyonya unyevu na hewa ya kaboni, na mfuko uliofunguliwa kizembe hugeuka magadi polepole huku wewe ukiendelea kupima gramu zilezile. Ungana na wenzako mgawane, au nunua kwa wauzaji wadogo wanaopima kidogo kidogo, na uwaulize: mfuko mnaopimia mliufungua lini? Usishangae muuzaji akikuuliza unaipeleka wapi. Kemikali hii hutumiwa pia na watengenezaji wa dawa za kulevya, na baadhi ya nchi zinadhibiti uuzaji wake. Mjibu waziwazi.

La tatu ni dawa ya kuzibua mabomba ya chembe kavu, na hapa ndipo wengi waliopoteza chapa yao wanapoanzia. Inafaa kwa sharti moja: lebo iseme NaOH asilimia 100, bila kiambato kingine. Dawa nyingi za aina hii huchanganywa na vipande vya alumini ili vichemke ndani ya bomba. Alumini ikikutana na kostiki na maji hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto upesi. Mwaga chembe kidogo kwenye sahani nyeupe, ukiwa umevaa glavu, uzitazame kwenye mwanga. Zote ziwe nyeupe. Ukiona vinavyometa kama chuma, au chembe za rangi, zirudishe kwenye kopo na ulitumie kwa bomba tu.

Kostiki ya majimaji ya asilimia 50 ni nzuri kwa asiyependa vumbi lake. Kwa gramu zetu 135 utapima gramu 270, na kumbuka kwamba nusu yake ni maji, kwa hiyo punguza gramu 135 kwenye maji ya mapishi yako. Baridi ikishuka karibu na nyuzi 12 huanza kuganda, na ukimimina iliyoganda nusu, kipimo kimeharibika.

KOH nayo ni ya sabuni ya maji. Haitakupa mche mgumu. Usibadilishane nayo gramu kwa gramu, maana kazi ya gramu 1 ya NaOH huhitaji gramu 1.4 za KOH, na KOH nyingi zinazouzwa zina usafi wa asilimia 90 hivi. Anayeweka NaOH kwa kipimo cha KOH anapika kitu cha kuunguza.

Kuna njia mbili za kujitengenezea, na naziweka chini kabisa. Ya kwanza ni kuchanganya chokaa iliyozimwa na magadi ya kufulia. Kwa hesabu, gramu 74 za chokaa na gramu 106 za magadi makavu hutoa gramu 80 za NaOH, lakini unachochuja ni maji mepesi yenye nguvu usiyoijua. Ya pili ni maji ya majivu ya miti migumu. Hayo zaidi ni kaboneti ya potasiamu, na sabuni yake huwa laini kama uji. Wapo wanaoelesha yai ili kujua nguvu ya maji hayo, lakini yai linapima uzito wa maji tu, pamoja na chumvi nyingine zote zilizoyeyuka humo. Kama huna mahali pa kununua, njia hizi zina heshima yake. Kama unapo, nunua.

Usiguse kabisa dawa za mabomba za majimaji na za jeli, kwa kuwa nyingi zina klorini na nyingine ni asidi ya salfuriki. Dawa ya kusafishia oveni pia iache, hata kama NaOH imetajwa kwenye lebo, kwa sababu imechanganywa na sabuni na viyeyushi.

Ukishanunua, hamishia kwenye chombo cha plastiki nene chenye namba 2 au 5 chini yake, kifuniko kikaze, andika jina kwa maandishi makubwa na ukiweke mbali kabisa na watoto. Ikishikamana kuwa bonge, imeshanyonya unyevu, na kipimo chake hakiaminiki tena. Wakati wa kuchanganya, kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji baridi, kidogo kidogo. Kamwe usimwage maji juu ya kostiki. Joto linaweza kupita nyuzi 80, kwa hiyo glasi na sufuria za alumini zikae kando, tumia chuma kisichoshika kutu au plastiki ya namba 5. Vaa miwani inayofunika macho pande zote. Ikiruka jichoni, suuza kwa maji yanayotiririka bila kukoma kwa dakika 20, kisha nenda hospitali, na siki usiipake kwenye ngozi iliyoungua.