Mashine ya kukamulia ya ndoo moja: tathmini kutoka banda dogo la Ipuli, Tabora

Mashine ninayoitathmini hapa ni ile ndogo ya kusukumwa kwa magurudumu, yenye ndoo ya lita 25 ya chuma kisichoshika kutu, pampu ya kunyonya hewa inayoendeshwa na mota ya umeme, na vikombe vinne vya kuvishwa chuchu. Tunaitumia katika banda letu la Ipuli, Manispaa ya Tabora, kwa ng'ombe wanne wanaokamuliwa, wote wakiwa chotara wa Friesian na ng'ombe wa asili, saa kumi na moja alfajiri na saa kumi jioni. Chapa yake siitaji, kwa sababu mashine za aina hii zinafanana mno, hata pale nembo zilizobandikwa juu yake zinapotofautiana.

Kazi yenyewe ya kukamua inaifanya vizuri. Hainyonyi mfululizo, bali hunyonya na kulegeza takriban mara 60 kwa dakika, na katika kule kulegeza ndipo damu inaporudi kuzunguka vizuri kwenye chuchu. Nguvu ya kunyonya inayofaa ni kati ya kilopaskali 40 na 50; ikizidi hapo, ncha za chuchu huvimba na kuchubuka, na vimelea vya ugonjwa wa kiwele hupata pa kuingilia. Yetu ilifika mshale wa kipimo chake cha kunyonya ukiwa umepita kiwango hicho, na fundi wa pampu za maji aliishusha kwa kulegeza skrubu moja tu, lakini mnunuzi asiyejua maana ya kile kipimo angeweza kuumiza ng'ombe wake wiki nzima akidhani ni wakorofi. Kitabu cha maelekezo kilichokuja nayo hakina hata sentensi moja ya Kiswahili.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba mashine haina uwezo wa kumfanya ng'ombe ashushe maziwa. Maziwa hushuka kwa homoni ya oksitosini, ambayo huanza kufanya kazi yapata dakika moja baada ya kiwele kuguswa na kupanguswa, na nguvu yake huisha baada ya dakika chache. Ng'ombe wenye damu nyingi ya asili, ambao ndio wengi katika mabanda ya Tabora, mara nyingi hukataa kushusha mpaka ndama anyonye kidogo kwanza. Kwa hiyo hatukuacha chochote katika utaratibu wa zamani: ndama analetwa, ananyonya kidogo na kufungwa pembeni, chuchu zinaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na kukaushwa kwa kitambaa cha ng'ombe huyo peke yake, michirizi ya kwanza inakamuliwa kwa mkono kwenye kikombe cheusi ili mabonge, dalili ya ugonjwa wa kiwele, yaonekane, ndipo vikombe vinapovishwa. Mmoja wa ng'ombe wetu, mwenye damu nyingi zaidi ya asili, aliogopa mlio wa pampu na kuyazuia maziwa, hadi tulipozoea kuiwasha mapema, wakati bado anakula pumba. Maziwa yakikoma kutiririka, vikombe havina budi kutolewa mara moja, maana mashine haijui kwamba kiwele kimekwisha.

Kuhusu muda, hesabu yake haivutii. Kijana anayetukamulia alisema baada ya siku za mwanzo, "Mama, hii mashine inanyonya kama ndama, ila ndama hatumwoshi." Ni kweli kabisa. Kila baada ya kukamua, mirija na vikombe husuuzwa papo hapo kwa maji ya uvuguvugu, kwa kuwa maji baridi hugandisha mafuta na maji ya moto sana huyapika maziwa yakashika kwenye mpira. Kisha huja maji ya moto yenye sabuni, brashi, kusuuza tena na kuning'iniza hadi vikauke. Dakika zinazookolewa kwa ng'ombe wanne huishia hapo, na mwezi wa Oktoba, maji yanapokuwa ya kuviziwa na joto la mchana likichachusha maziwa kwa haraka, uvivu mdogo wa kuosha huonekana kwenye ndoo ya jioni.

Gharama nyingine iko kwenye mipira ya ndani ya vikombe. Hubadilishwa baada ya kukamua mara 2,500 hivi au baada ya miezi sita, kutegemea kipi kinatangulia. Ng'ombe wanne wakikamuliwa mara mbili kwa siku, miezi sita huisha kabla hata mara 1,500 hazijafika, lakini mpira huchakaa kwa umri pia na nyufa zake huficha uchafu. Madukani hapa mjini sijaiona, tunaiagiza Mwanza. Zaidi ya hapo, ng'ombe wote hupitia vikombe vilevile, hivyo mwenye dalili za ugonjwa wa kiwele hukamuliwa wa mwisho na kwa mkono. Umeme ukikatika, sote tunarudi kwenye mkono vilevile.

Pamoja na hayo, siirudishi. Vidole vya mkamuaji wetu vimepumzika, maziwa hayaangukiwi tena na nywele wala vumbi la banda, na ng'ombe watatu wametulia zaidi kuliko walipokuwa wakikamuliwa kwa kuvutwa chuchu. Mwenye ng'ombe wanane au zaidi ataona faida hata ya muda. Mwenye wawili namshauri aweke fedha hizo, ambazo kwangu zingetosha kununua mtamba wa chotara, kwenye malisho ya kiangazi na ndoo nzuri ya aluminiamu.

Atakayeamua kununua amtake muuzaji aiwashe palepale dukani, kisha aingize kidole gumba katika kila kikombe ahisi kikibana na kulegea kwa mpigo ulio sawa, na seti ya pili ya mipira iingizwe kwenye bei kabla fedha haijatoka mfukoni.