Tahadhari: mabamba ya plastiki na chuma yanayouzwa kwa ajili ya vibadilisha joto

Ndugu zangu mafundi, naandika haya nikiwa na hasira ambayo haijapoa na aibu nisiyoweza kuificha, kwa sababu wengi wenu mlinisikia nikiyasifu mabamba yale ya kibadilisha joto (kifaa kinachohamisha joto kutoka maji haya hadi yale kupitia ukuta, bila kuyachanganya) kabla sijapitisha ndani yake hata tone moja la maji ya moto. Jinsi maji ya chumvi yalivyoyatoboa mabomba yangu ya chuma cha pua mnajua, na kwamba titani, metali isiyoliwa na chumvi, ilinishinda bei mnajua pia, kwa hiyo sitayarudia.

Muuzaji alinijia na kipande cheusi chenye unene wa milimita 3, akasema ni polipropilini, aina ya plastiki ya kawaida, iliyochanganywa na grafiti, kaboni nyeusi inayopitisha joto, asilimia 60 kwa uzito. Hakuanza kwa maneno mengi. Aliomba chombo cha maji yanayochemka, akasimamisha ndani yake vipande viwili, kimoja chake na kimoja cha plastiki ya kawaida, kisha akanitaka nivishike vyote kwa wakati mmoja, juu ya maji kwa kiasi cha vidole vitatu. Dakika mbili hazikuisha kabla kipande chake hakijapata joto hadi nikauondoa mkono, huku kile kingine kikiwa baridi kama kilivyotoka kwenye rafu. Yeye alikuwa amenyamaza, anatazama pembeni, kama mtu asiye na haja ya kumshawishi yeyote. Ukimya ule ndio ulioniuzia. Nilirudia jaribio mwenyewe mara mbili, nikabadilisha maji, nikabadilisha mkono, na kila mara nilijiona mtu makini.

Msinicheke kabla ya kusikia utetezi wangu. Plastiki zilizojazwa grafiti zipo kweli, na hutumika katika vibadilisha joto vinavyoshika tindikali na maji ya chumvi. Polipropilini tupu hupitisha joto kwa takriban vati 0.2 kwa mita kwa kelvini (namba ikiwa kubwa, joto linapita kwa urahisi zaidi), lakini ikijazwa grafiti ya kutosha inaweza kufika 10 na kuvuka, yaani karibu na chuma cha pua, ambacho nacho ni kama 15 tu. Cheti alichonionyesha kiliandika 15. Angeniambia kwamba plastiki yake inafikia shaba, ambayo ni karibu 400, ningemfukuza papo hapo. Alichagua namba ambayo mtu anayejua kidogo angeiamini, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo linaninyima usingizi. Nilikata kona ya bamba kwa msumeno, nikaona katikati ya unene wake mstari mwembamba unaong'aa, umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Nikauliza. Akajibu kwamba kuna unga kidogo wa alumini uliotulia katikati plastiki ilipokuwa ikipoa, nami nikatikisa kichwa kukubali, kana kwamba unga ndani ya plastiki nzito iliyoyeyuka unaweza kujipanga mstari ulionyooka kiasi kile. Nikalipa siku hiyohiyo, mzigo wote.

Kifaa kilipokamilika, maji yaliyotakiwa kutoka ya moto yalitoka vuguvugu. Nililaumu pampu, nikaifungua. Nililaumu hewa iliyonaswa ndani, nikaitoa. Hatimaye nilichukua kisu na kulipasua bamba kufuata ule mstari, nikakuta karatasi ya alumini yenye unene wa milimita 0.2, imebanwa kati ya tabaka mbili za plastiki ya kawaida iliyotiwa rangi kwa masizi. Grafiti haikuwapo.

Fanyeni hesabu, maana uhodari wa mwizi huyu umo humo. Joto linapotembea kwa urefu wa bamba hupita ndani ya alumini, na alumini ya vati 230 yenye unene wa 0.2 ndani ya bamba la 3 inatoa wastani wa takriban 15. Kwa hiyo namba ya cheti si ya uongo, na jaribio la maji ya moto nalo si la uongo. Lakini katika kibadilisha joto, joto halitembei kwa urefu. Linatakiwa kupenya ukuta kutoka upande mmoja hadi wa pili, na huko linakutana na milimita 2.8 za plastiki tupu, ambapo wastani unaanguka hadi takriban 0.21. Ukuta niliouziwa ulikuwa unazuia joto mara 70 zaidi kuliko ule nilioupigia mahesabu.

Baadaye mabamba yakaanza kutoa malengelenge. Alumini hutanuka sehemu 23 katika milioni kwa kila digrii, wakati polipropilini hutanuka zaidi ya 100, basi kila kupashwa na kupoa kulizivuta tabaka zile hadi zikaachana ukingoni, maji ya chumvi yakaingia na kuitafuna alumini.

Mtu wa namna hii hastahili kurudisha fedha tu na kuendelea kutembea na vipande vyake. Anastahili kushtakiwa, mzigo wake ukamatwe, na aliyeandika cheti kile aulizwe kwa nini hakutaja joto lilipimwa kuelekea upande gani. Nasema hivi bila huruma, kwa sababu anajua fizikia vizuri kuliko wengi wetu na ameitumia kuiba.

Mnaoendelea kufuatwa naye, takeni kipimo cha joto linalopenya unene wa bamba, kwa mfano kile cha kiwango sanifu cha ASTM D5470. Gusisheni nyaya za kipima umeme kwenye plastiki yenyewe, kwa kuwa grafiti ya kiasi hicho hupitisha umeme na bamba lake halipitishi kitu. Lipimeni uzito pia: lingekuwa na grafiti asilimia 60, sentimita moja ya ujazo ingekaribia gramu 1.4, lakini langu lilikuwa 1.02. Mzani nilikuwa nao mezani siku ile, tulikuwa tumeuwekea chombo cha maji juu yake.