Rimu na Matairi ya Gari la Spoti Lililotumika: Anza na Tundu la Katikati

Malalamiko ninayoandikiwa yamekuwa ya namna moja. Mtu kanunua Subaru WRX STI au Golf GTI iliyotumika, kaona rimu zake zimechoka, kafunga za inchi 18 zinazong'aa. Gari likifika kilomita 90 kwa saa, usukani unatetemeka. Anapiga balansi, anarudia, anafanya alaimenti, anabadilisha beringi, na mwishowe anaambiwa matairi ndiyo mabovu, anunue mengine. Ananunua. Usukani bado unatetemeka.

Kwa hiyo kabla sijapanga saizi, naanza na kitu ambacho muuzaji hakupimii: tundu la katikati ya rimu.

Habu ya gari, yaani kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake, ina mdomo wa duara unaochomoza, na rimu ya kiwandani imetobolewa kwa kipimo hicho hicho. Mdomo huo ndio unaoikalisha rimu katikati wakati nati zinakazwa. Subaru ni milimita 56.1, Volkswagen 57.1, Toyota nyingi 60.1, Honda za nati tano 64.1, Nissan nyingi 66.1, Mazda za nati tano 67.1. Rimu za madukani hutobolewa kubwa makusudi, mara nyingi 73 hivi, ili zitoshe magari ya kila kampuni. Muuzaji anatazama nati tu: rimu ni tano kwa 114.3, yaani nati tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 114.3, gari nalo ni tano kwa 114.3, basi anasema inaingia. Kuingia inaingia. Lakini kwenye STI ya kuanzia 2005, yenye nati za 114.3, tundu la 73 linazidi habu ya 56.1 kwa kipenyo cha karibu milimita 17, yaani pengo la karibu 8.5 kila upande. Hakuna kinachoibeba rimu ikae katikati isipokuwa nati zenyewe. Nati za koni zinaweza kuikalisha vizuri kama gari limeinuliwa na zinakazwa kwa kuvukana, kidogo kidogo. Fundi akiikandamiza nati ya kwanza kwa mashine ya upepo, rimu inabaki imeegemea upande mmoja.

Na hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Mashine ya balansi hulishika gurudumu kwa tundu lile lile la katikati. Kwenye mashine gurudumu liko sawa kabisa, namba zinasoma sifuri, na fundi anakuapia kwamba kazi imeisha. Hadanganyi. Kosa halimo kwenye gurudumu, limo pale linapokutana na habu, na mashine haiwezi kuliona hata ukirudi kila wiki.

Dawa ni pete nne za kuziba pengo, nje zikiwa na kipimo cha rimu na ndani kipimo cha habu. Napendelea za alumini. Za plastiki hazivumilii joto la breki za gari linaloendeshwa kwa kasi. Kupima ni rahisi: inua gari, tundika rimu kwenye habu bila nati hata moja, kisha isukume juu na chini. Ikicheza, pete haipo au si saizi yake.

Sasa saizi. Nachukulia gari la kawaida la kundi hili, ambalo kiwandani lilitoka na 205/55R16 au 225/45R17. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni inchi za rimu.

Ya kwanza kwangu ni inchi 17, yaani 225/45R17 kwenye rimu ya upana wa inchi 7.5. Kimo chote cha tairi ni milimita 634, dhidi ya 632 za 205/55R16, hivyo spidomita haidanganyi. Ubavu wa tairi una milimita 101, unaotosha kulinda rimu kwenye shimo, na bado gari linageuka upesi. Breki kubwa za Brembo za STI za kabla ya 2018 zinaenea humo. Toyota GT86 yenyewe, gari linalosifiwa kote kwa usukani wake, ilitoka kiwandani na 215/45R17. Wanaodhani tairi pana zaidi ndilo huleta raha ya kona waliangalie gari hilo vizuri.

Ya pili ni inchi 16. Watu wanaidharau bure. Mazda MX-5 ya kizazi cha nne iliuzwa na 195/50R16 na haikupungukiwa kitu. Nimeiweka ya pili kwa sababu tu breki kubwa haziingii ndani yake.

Ya tatu ni inchi 18, 225/40R18. Ubavu unashuka hadi milimita 90. Kwenye lami laini inapendeza, kwenye mashimo inapinda. Ukiichagua, angalia namba ya mzigo: 92 ni kilo 630 kwa kila tairi, na isishuke chini ya ile ya kiwandani. Angalia pia ofseti, inayoandikwa ET: ni milimita kati ya mstari wa katikati wa upana wa rimu na uso wake unaogusa habu. Golf GTI ya kizazi cha tano ina ET51. Ukifunga rimu ya ET35 yenye upana ule ule, gurudumu linatoka nje milimita 16 zaidi, tairi linaanza kukwaruza fenda na beringi inaelemewa.

Inchi 19 siipendekezi. Ubavu wa 235/35R19 ni milimita 82, na kimo kimezidi cha 205/55R16 kwa milimita 15.

Kuhusu kampuni, mimi ni mtu wa Enkei na sifichi. Teknolojia yao ya MAT huanza na rimu ya kusubu, kisha pipa lake, yaani sehemu inayobeba tairi, linazungushwa na kukandamizwa kwa rola hadi liwe jembamba na gumu. Rimu yao ya RPF1 ya inchi 17 ina takriban kilo 7, wakati rimu nyingi za kiwandani za saizi hiyo hufika 9 au 10. Tofauti hiyo unaihisi kwenye kona ya kwanza, kwa sababu shokapu zina kazi ndogo. Tundu lake nalo ni 73, kwa hiyo pete zinahitajika hapo pia. Rays TE37, iliyotoka 1996, ni ya kufuliwa na ni imara zaidi, ila bei yake ni ya mtu aliyekwisha kulipia mengine yote.

Rimu za bei ya chini zisizo na JWL na VIA, alama za Kijapani za ubora na usalama wa rimu, sizizungumzii. Usinunue.

Kinachoniudhi ni hiki: pete nne ni kitu kidogo sana kando ya bei ya rimu, na muuzaji anajua gari lako ni gani kabla hujatoa pesa. Kwa nini asikupe? Wengine wanaziuza peke yake, baadaye, baada ya wewe kuhangaika, kana kwamba ni pambo. Wengine wanachukua rimu yenye tundu dogo na kuipeleka kuchongwa kwa kukadiria kwa macho, bila mashine ya kuchongea, halafu wanaiuza kama iliyo sawa. Na wapo wanaokupa rimu za tano kwa 112 kwa gari la 114.3, wakisema tofauti ya milimita mbili si kitu. Nati zinaingia kwa kulazimishwa, zinakaa mshazari, na zinalegea ukiwa barabarani na watoto nyuma.

Hata nati zina kitako chake. Rimu za kiwandani za Honda hukalia nati zenye kitako cha mviringo, na rimu nyingi za madukani zinataka koni ya digrii 60. Ukihamisha nati za zamani kwenda rimu mpya, zinagusa chuma kwa mstari mwembamba tu. Dai nati mpya pamoja na pete, ziandikwe kwenye risiti moja na rimu, na usiagane na muuzaji kabla hujaliendesha gari kwa kasi ile ambayo mtetemo huanza.