Fundi wa betri Sabasaba anayepima kwa taa ya gari

Nafuga vifaranga Nkuhungu. Mwezi wa sita usiku wa Dodoma una baridi kali, na banda nalipasha kwa balbu ya wati 60, inayotumia betri ya sola kupitia inveta. Mwaka huu nilinunua betri ya mtumba ya ampea-saa 100 kwenye duka moja mjini. Muuzaji akaweka mita mbele yangu, ikasoma volti 12.6. "Mama, imejaa hiyo, si unaona mwenyewe?" Nikalipa 150,000. Usiku uleule nikawasha balbu na televisheni, inveta ikapiga kelele na kuzima. Asubuhi niliokota vifaranga 11, wamelaliana kwenye kona, wameshakakamaa.

Jirani ndiye aliyenielekeza kwa fundi huyu wa Sabasaba. Kijana mpole. "Shikamoo mama, itue hapo chini." Aliuliza kwanza kama imetoka kwenye chaji, nikamwambia ndiyo, asubuhi ile. Akakataa kuipima. Betri iliyotoka kuchajiwa, alisema, inaonyesha volti za juu juu, lazima ipumzike. Nikakaa karibu saa tatu juani, maana kibanda chake kivuli hakina. Hilo lilinichosha kweli.

Alipoipima, mita ikasoma 12.6 ileile. Moyo ukaniuma, nikajua ataniambia ni nzima. Kumbe bado. Akachukua balbu ya taa kubwa ya gari yenye waya mbili na vibanio, akavibana kwenye vichwa vya betri. Taa ikawaka njano, imefifia. Na mita ikaanza kushuka huku naitazama: 11.9, 11.2, ikatulia 10.8. Akaitoa taa, namba zikapanda tena hadi 12.5, kama vile hakuna kilichotokea.

Akanieleza bila haraka. Mita hainyonyi umeme wa maana, kwa hiyo ukiweka mita peke yake unasoma nguvu yote ya kusukuma umeme inayotokana na kemikali za ndani. Ukiweka mzigo, mkondo unaanza kupita, na unapita ndani ya betri yenyewe pia. Humo kuna ukinzani, yaani kitu kinachouzuia mkondo usipite kirahisi. Volti nyingine zinaliwa humohumo, vichwani unapata zilizobaki. Betri iliyokaa muda mrefu bila chaji, sahani zake huota ukoko mweupe wa chumvi ya risasi, na ukinzani hupanda. Tulifundishwa haya sekondari, mwalimu akaandika kanuni ubaoni nami nikaikariri kwa ajili ya mtihani. Sikuwahi kuona inahusu nini.

Akapiga hesabu kwa chaki kwenye ubao wa meza. Taa ilivuta ampea 4.5, volti 1.8 zikapotea: ukinzani omu 0.4. Balbu yangu na televisheni ni kama wati 100, yaani ampea 9 hivi. Mara 0.4, zinapotea volti 3.6. Inveta inabaki na 9, na inveta nyingi hukata ikifika karibu 10.5. Nilitazama ile 9 ya chaki nikawakumbuka wale vifaranga.

Nikamwomba apime moja ya kwake. Bila taa 12.7, na taa 12.6, mwanga mweupe unaoumiza macho. Nikainunua. Ubavuni aliandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe na namba zote mbili, akaniambia nikipata shaka nirudi nayo tulinganishe.

Risiti hatoi, na hilo alirekebishe. Vaa viatu vya kufunika, tindikali imemwagika mwagika pale chini. Kupima ni 2,000, ukinunua kwake hulipi. Nenda asubuhi na betri iliyolala usiku mzima bila chaji wala mzigo, hutasubiri kama mimi. Juzi nilimrudishia ile niliyonunua kwake akaipima bure: 12.7, na taa 12.6.